Barua Iliyojua Ratiba

Barua ilijua mambo mengi mno. Ilijua kwamba Jumatatu jioni Mwalimu huwafundisha Kiingereza mapacha wa daktari wa meno, na kwamba Alhamisi humfundisha mke wa mwenye duka la mazulia. Ilijua hata saa.

"Viza yako inakuruhusu kufundisha hapa shuleni tu," mkurugenzi alisema alipokwisha kumsomea siku hizo, kiganja chake kikiwa juu ya faili lililofungwa. "Sisi ndio wadhamini wako. Je, unafundisha majumbani kwa watu?"

Mwalimu alilitazama faili. "Nani ameandika?"

"Aliyeandika ameomba asitajwe. Nijibu."

Mwalimu aliuliza tena ni nani, na hilo likawa ndilo jibu. Ijumaa shule ingeondoa udhamini. Baada ya hapo angekuwa na siku kumi za kufunga mizigo na kutoka nchini.

Alishuka ngazi polepole, akipanga watu kichwani. Wazazi wa mapacha wasingejichongea wenyewe. Mke wa mwenye duka vilevile. Mama mwenye nyumba alijua tu kwamba Mwalimu hutoka, hakujua aendako. Akabaki mmoja.

Nukta.

Walimu wenzake ndio waliompachika jina hilo, kwa kuwa akishasema jambo hulifunga kwa neno hilo hilo, na hapo hakuna wa kuongeza. Alitoka nchi moja na Mwalimu, wakapanda ndege moja, na kwa miaka miwili walikuwa wakikaa chumba kimoja chenye jiko moja na pasi moja. Tena ni yeye aliyemtafutia wale mapacha. "Wachukue, mwenzangu, una mtoto wa kusomesha," alimwambia. "Mimi nina wangu wawili wa Jumatano, wananitosha. Nukta."

Kikulacho ki nguoni mwako, na wawili hawa walikuwa wakiazimana hata nguo.

Sababu ilikuwepo. Mwezi uliopita shule ilitangaza kwamba mwakani itamdhamini mwalimu mmoja tu wa kigeni. Na juzi asubuhi Mwalimu alimwona Nukta kwa macho yake akitoka ofisini kwa mkurugenzi, ananyata kama paka aliyetoka jikoni.

Jioni ile, Nukta akimenya vitunguu, Mwalimu alimuuliza kama utani, "Juzi ulikuwa na shughuli gani kwa mkurugenzi?"

Kisu kilisita. "Nilipeleka alama za mtihani."

Alama za mtihani zilitakiwa wiki ijayo.

Mwalimu alichukua simu akatoka kwenda koridoni, akapiga nyumbani. Alipokea binti yake, anayelelewa na bibi tangu mama alipoondoka.

"Mama? Leo Alhamisi. Alhamisi huwa hupigi, una somo hadi saa mbili."

"Leo nina nafasi. Umefanya zoezi lako?"

Mtoto alisoma sentensi zake za Kiingereza bila kukwama hata mahali pamoja. Wiki kwa wiki Mwalimu alikuwa akimfundisha kwa simu: wakati uliopita, wakati ujao, hata barua rasmi na mihtasari ya habari. Watoto wa watu waliomlipa hawakumfikia.

"Utarudi lini?" mtoto aliuliza, kama alivyouliza kila mara.

"Karibuni."

"Ulisema hivyo nikiwa darasa la tatu."

Mwalimu alimtuma akamwite bibi.

Usiku hakupata usingizi. Alisikiliza Nukta akikoroma kitanda cha pili, usingizi wa mtu asiye na deni, akazidi kuchemka. Kumbe mtu anaweza kukuchoma kisu kisha akakuandalia chakula.

Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa mkurugenzi. Alimweleza habari za wanafunzi wawili wa Jumatano, mtaa wao na nambari ya nyumba.

Mkurugenzi alivua miwani. "Kwa nini unaniambia haya?"

"Aliyenichongea hana haki ya kubaki."

"Unadhani ni yeye?"

"Sidhani. Najua."

Mkurugenzi alilivuta faili karibu. Alilifungua nusu, akalifunga. "Ukishasema, lazima niandike. Sheria ndiyo hiyo. Niandike?"

"Andika."

Nukta aliitwa saa nne. Saa sita alikuwa chumbani, anakunja nguo zake na kuzitenga na za Mwalimu, moja moja.

"Juzi nilikwenda kuomba ile nafasi ya mwakani," alisema bila kugeuka. "Niliona haya kukwambia. Lakini sikukuchongea."

"Nani angekuja kusema amemchongea mwenzake?"

Nukta alifunga zipu ya sanduku. Safari hii hakulisema lile neno lake. Alitoka, na mlango haukubamizwa.

Siku ya safari, karani wa shule alimkabidhi Mwalimu pasipoti na faili lake zima. "Wewe si wetu tena, na karatasi zako si zetu," alisema. "Tia sahihi hapa."

Alilifungua uwanjani, akingoja ndege. Nakala za vyeti. Mkataba. Chini kabisa, barua yenyewe, karatasi moja iliyopigwa chapa, kwa Kiingereza kisicho na kosa: anwani mahali pake, tarehe mahali pake, kichwa cha habari kimepigiwa mstari. Aliruka moja kwa moja hadi aya ya mwisho, akitafuta jina.

"Tafadhali msimfunge, kwa sababu hajafanya baya lingine. Mwambieni tu arudi nyumbani, na msimwambie ni nani aliyeandika. Mimi ni binti yake, niko darasa la tano."