Kidani cha Lusajo

Tangu kila mtoto aliyechelewa kuongea aamriwe kuvaa kidani cha kumsemea, kazi yangu ya kufundisha watoto matamshi imebaki kuwafunga vidani shingoni. Nimesomea kazi hii! Nimepuliza na watoto mapovu ya sabuni ili midomo yao ipate nguvu. Leo mimi ni fundi wa mikufu.

Jumapili nilikuwa jikoni kwa mdogo wangu, Tusekile. Mwanawe Lusajo, wa miaka minne, alisikia kiu. Alifungua mdomo, na kabla hajatoa hata pumzi kidani kikasema kwa sauti tamu ya mtangazaji, "Mama, naomba maji, tafadhali." Tusekile akamnyooshea kikombe bila kugeuka kumtazama.

Nilikipokea kile kikombe mimi, nikamvua mtoto kidani, kisha nikainua kikombe karibu na midomo yangu kama nilivyokuwa nikifanya zamani na watoto, nikaibana tayari kwa neno maji.

"Dada, unamtesa mtoto."

"Namsubiri. Hapa ndani kuna mtu amewahi kumsubiri?"

Lusajo aliitazama midomo yangu. Akaibana yake, ikatetemeka, na sauti ndogo yenye mikwaruzo ikatoka: "Ma... i."

Nilimpa maji huku machozi yakinitoka. Nikamgeukia mdogo wangu tufurahi pamoja. Alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, mkono kifuani.

"Hiyo si sauti yake," alisema. "Dada, nakuomba, mrudishie mwanangu sauti yake."