Kutoka Toronto Hadi Karatu

Leonce alitafuta kwenye simu: Toronto hadi Kilimanjaro, zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Ukijumlisha na kusubiri Amsterdam, safari inakula karibu siku nzima, na hapo bado hujapanda gari kwenda Karatu.

Ndipo akampigia mdogo wake.

Goodness alikuwa hospitalini Karatu, kando ya kitanda cha mama yao aliyeletwa kutoka Mbulu juzi yake. Alisema madaktari hawana tena la kueleza, na mama anamtaja Leonce tu. Kisha akamwekea mama simu sikioni.

"Ni mbali sana hapo ulipo, mwanangu?"

"Mbali sana, mama."

"Leo huwezi kufika?"

"Leo haiwezekani. Ndege inatua kesho jioni."

Mama alipumua kwa shida. "Basi nitakungoja."

Leonce aliketi kitandani, kichwa mikononi. Mama huyu aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili yeye akasome Kanada. Kila Jumapili kanisani aliwaomba watu wamkumbuke kijana wake aliye ng'ambo. Kila alipouliza atamwona lini, Leonce alimwambia nauli ni kubwa, masomo yanambana, avumilie kidogo.

Alipanga begi: suti, viatu vipya, shali ya sufu ya mama. Muda wa ndege kuondoka ulipofika, alimwandikia Goodness kwamba ameshaingia, wataonana Mungu akipenda. Akazima simu, maana mtu aliye angani hapatikani.

Hakupata usingizi. Aliifuata ndege kichwani: sasa iko juu ya bahari, sasa inashuka Amsterdam, sasa inavuka jangwa. Mara kadhaa alishika simu aiwashe, akairudisha mfukoni. Alimwomba Mungu amwachie mama saa chache tu, akaona haya hata kuomba.

Saa ya kutua ilipofika, aliwasha simu. Goodness alipokea papo hapo, sauti imemkauka.

"Mama ametuacha leo asubuhi, kaka. Mpaka mwisho alikuwa anauliza ndege imefika wapi."

Leonce alilitazama begi lenye shali ya mama.

"Usijilaumu," Goodness akasema taratibu. "Ungefanya nini, na ulikuwa mbali hivyo?"

Leonce alikata simu, akachukua begi. Akafunga mlango wa chumba alichopanga pale Rhotia tangu aliponyimwa viza, akasimamisha bodaboda. Hadi hospitalini Karatu walitumia robo saa.