Nyumba ya Mtihani

Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu husoma kompyuta, na mtihani wake wa vitendo ni nyumba ya kwao. Huandika programu ya kuendesha taa, maji na milango, na nyumba huitii programu hiyo mpaka matokeo yatoke. Kabla ya hapo hakuna anayeweza kuibadilisha, hata aliyeiandika.

Jumatatu asubuhi Tumpe, mjane wa Mbeya, alitaka kwenda sokoni. Mlango haukufunguka.

“Sekela, mlango wako umeharibika.”

“Haujaharibika, mama,” binti yake alisema. “Mwezi uliopita si ulipotea njia ya kurudi?”

“Siku moja tu! Tena nilikuwa na homa.”

“Ndiyo maana nimeandika usitoke peke yako. Mwalimu kanisifu mbele ya darasa zima. Wenzangu wamehangaika na taa tu.”

“Kwa hiyo mimi ni mbuzi wa kufungiwa?”

Sekela alicheka, akachukua begi lake la shule.

“Na moto ukiwaka?”

“Nyumba itanipigia simu, nami nitakufungulia.”

“Si mnanyang’anywa simu mkiwa kwenye mtihani wa darasani?”

Sekela alivuta zipu ya begi. Hilo hakuwa amelifikiria.

“Mtihani wa leo ni mfupi, mama,” alisema. Mlango ukamfungukia, kisha ukajifunga nyuma yake.

Tumpe alikwenda jikoni. Uji wa jana ulikuwa umeganda kwenye sufuria. Alichukua kiberiti, akakishika kwa muda, akakirudisha juu ya kabati. Alikunywa uji ukiwa wa baridi.