Mlango kwa Mlango

Asubuhi ile Shemeji alipopanda ngazi kuteremsha kibao cha mgahawa wake wa mwisho, Mama Chapuchapu alikuwa anavuka barabara kwa viatu vya harusi. Vilikuwa na miaka mingi kabatini, na vilimbana hadi machozi. Alikuwa ameviweka kwa ajili ya siku hii.

"Ngazi inakufikisha, shemeji, au nikuletee ya kwangu?"

"Inatosha," alijibu yule bwana kutoka juu, bila kinyongo. "Siku hizi mimi ni wa kushuka tu."

Katika chumba kile cha mgahawa, marehemu mume wa Mama Chapuchapu alikuwa ameanza na karai moja la mafuta na meza mbili. Mume akikaanga kuku, yeye akimenya viazi, mdogo wa mume, huyu Shemeji, akipokea wateja. Kisha mume akaugua wiki moja tu, akaenda. Udongo wa kaburi haujakauka, mjane akafika kazini akakuta kufuli jipya.

"Mgahawa ulikuwa wa kaka," Shemeji alimwambia kupitia dirishani. "Na kaka hayupo."

"Basi nipe aproni yake."

Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, ikiwa bado na alama za vidole vyake vya mafuta. Shemeji akafunga dirisha.

Mjane alikula kiapo palepale kibarazani. Ile aproni ataitoa kwa mkono wake mwenyewe, na siku hiyo Shemeji atakuwa hana hata meza ya kufutia.

Alianza na jiko la kuazima. Alichora mistari ya chaki sakafuni: wa kukaanga asimame hapa, wa chumvi pale, wa kufunga kule, na asiyekuwa na kazi asivuke. Mteja alikuwa hajamaliza kupokea chenji, kuku yuko mkononi. Watu wakauita mgahawa Chapuchapu, na jina likamhamia mwenyewe. Alipofungua wa pili, alipima hatua za ule wa kwanza kwa kamba, akazihamisha zilivyo. Mfanyakazi wake ungemfunga kitambaa machoni ukamwacha katika tawi lolote, na chumvi angeipata.

Shemeji naye alikuwa ameanza kufungua matawi. Mama Chapuchapu akamwita dalali.

"Nataka mbele yake. Mlango kwa mlango. Akitoka kupiga miayo, anione mimi."

"Na akifungua kwingine?"

"Hukohuko."

Dalali hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila Shemeji alipofungua tawi, haikupita wiki dalali ana chumba upande wa pili: kimepakwa rangi, mfereji wa maji machafu umechimbwa, bomba la moshi liko tayari. Alimkabidhi mama ufunguo uliofungwa uzi wa bluu, akabaki na mwingine kama huo.

"Huu wa mwenye nyumba," alisema kila mara.

"Vyumba vinakungoja kama mchumba," mpishi mkuu wa Chapuchapu alimtania. "Bahati gani hiyo, mama?"

"Si bahati. Marehemu anasukuma."

Na Shemeji alianguka, tawi baada ya tawi. Yalikuwa matawi ya kuchekesha: meza mbili, karai moja, mhudumu mmoja anayesinzia. Hakuna lililomaliza mwaka. Cha ajabu, kila Chapuchapu mpya ilipofunguliwa, alivuka barabara, akanunua kuku, akasifu vigae vipya ukutani, akapapasa majiko kwa kiganja, akaondoka. Mama Chapuchapu alihakikisha anapewa paja dogo kuliko yote.

"Mtu gani huyu, anapigwa anashukuru?" alimuuliza mpishi.

"Sikio la kufa halisikii dawa, mama."

Matawi ya mlango kwa mlango yakafika manane. Lililobaki ni lile lenyewe, mbele ya chumba cha kwanza. Miaka yote hapakuwa na nafasi. Fundi cherehani wa pale hakutaka kusikia habari ya kuhama. Mwaka huu akahama ghafla, na dalali akaja na uzi wa bluu.

"Mikataba ile mingine ya pango tumeipanga iishe pamoja na huu," alisema akifungua faili, "usihangaike na makaratasi mara kwa mara."

Mama Chapuchapu alitia saini akiwa amesimama, macho yake yako ng'ambo ya barabara. Miezi sita ilitosha kumwangusha Shemeji.

Sasa Shemeji alikuwa ameteremka, kibao kwapani.

"Umekuja kuchukua aproni."

"Ungenipa siku ile, leo ungekuwa na mgahawa."

"Kweli kabisa. Na wewe ungekuwa bado unamenya viazi." Akampisha mlangoni. "Ipo palepale. Sikuitoa."

Chumba kilikuwa kitupu, karai limefunikwa kifudifudi. Mama Chapuchapu akausukuma mlango, akatazama nyuma yake. Aproni ilikuwepo, imegeuka rangi ya chai. Aliikumbatia, akauficha uso wake ndani. Haikunuka tena mafuta wala mtu. Ilinuka vumbi.

Akaivuta kwenye msumari. Kitu kikalia, chuma kwa chuma.

Pale msumarini, ilipokuwa imefunika aproni, zilining'inia funguo tisa. Kila mmoja ulikuwa umefungwa uzi wa bluu.

Shemeji alikuwa ameshamvutia kiti.

"Keti, shemeji, upumzishe miguu," alisema. "Mikataba yote inaisha mwezi huu."