Chumba cha Sauti

Kompyuta kuu ya redio iligoma kuwaka, na fundi Kheri alikuwa anaiwekea mfumo upya. Kwenye skrini diski ilionekana imegawanywa vyumba viwili, kimoja cha mfumo, kingine cha sauti za watangazaji. Mwanaidi, mtangazaji wa redio hiyo, alimshika mkono.

"Kaka, hicho cha pili usikifute. Ndimo alimobaki marehemu dada yangu Saluma."

"Bibie, nikikifuta nitahama mji. Mama yangu bado huwasha redio akingoja Saluma asome salamu zake."

Akatia alama ya kufuta kwenye chumba cha kwanza tu, akabonyeza. Walingoja mpaka chai ikapoa. Mashine ilipowaka, Mwanaidi alivaa hedifoni, akafungua salamu za mwisho za Saluma. Kabla ya neno lolote, akamsikia dada yake akivuta pumzi.