Asikatizwe Mkubwa

Tausi, fundi wa kompyuta, hakuwa na heshima hata chembe kwa wanaume wawili waliosimama nyuma ya kiti chake. Mmoja alikuwa mkurugenzi wa idara ya maji, mwingine naibu wake, na wote walileta lalamiko lilelile: kompyuta imewakatiza kazi.

"Wazee wangu," alisema, akijikaza awe mpole, "mfumo ukiona watu wawili, kila mmoja ameshika faili ambalo mwenzake analingoja, humkatiza mmoja ili mwingine apite. Aliyekatizwa anaanza upya. Basi."

"Akatizwe karani," alisema mkurugenzi. "Si mimi."

"Wala mimi," alisema naibu.

"Na mkishikiana mafaili ninyi wawili?"

Walitazamana, kila mmoja kama anayesubiri mwenzake amwamkie shikamoo.

"Zima hicho kitu cha kukatiza watu kabisa," mkurugenzi aliamua, na kwa mara ya kwanza naibu akakubaliana naye.

Tausi akazima. Watu wazima ovyo, alisema moyoni.

Kabla ya adhuhuri mfumo wote uliganda, na foleni ya waliokosa maji ikafika nje ya geti. Tausi alitoka koridoni. Milango ya wakubwa hao, inayotazamana, ilikuwa wazi, na kila mmoja amekodolea macho kiduara kinachozunguka kwenye skrini yake.

"Mwambie huyo atoke kwenye faili kwanza," alisema mkurugenzi bila kugeuka.

"Mwambie atoke yeye," naibu alijibu kutoka chumba cha pili.

Tausi akavuta kiti katikati ya milango miwili, akaketi, akaanza kumenya chungwa lake taratibu.