Mpira Nyuma ya Ukuta

Krrr... du. Mpira umegonga ukuta tena.

Mzee Anyelwisye aligeuka kitandani, akasonya gizani. Majogoo wa mtaa wa Mbugani hawajawika, na chumba cha pili mtu anasukuma kimpira cha gofu juu ya mkeka, akilenga kikombe cha bati kilicholazwa chini. Mwanaume mzima!

"Unapiga kwa viganja, Edwin!" alifoka kupitia ukutani. "Kwani unasonga ugali? Kaza viganja, mabega ndiyo yasukume. Na kichwa kitulie, usiufukuze mpira kwa macho kama kuku aliyeona panzi!"

Krrr... du. Hata "ndaga", asante ya kwao, hakuambiwa.

Ujanani mzee alibeba mikoba ya wacheza gofu huko kwenye mashamba ya chai ya Tukuyu. Mchezo huo aliujua hata kwa masikio. Sasa katoka Ngonga kuja kutibiwa goti, anakuta mwanawe kapagawa. Mchana Edwin ana mdomo kama redio: "Kazi ya kufundisha watoto gofu Mbeya ni moja, baba, anapewa mshindi wa mashindano ya Jumamosi. Tukiikosa, tunarudi kulima mpunga." Alfajiri akitukanwa, hajibu neno.

"Kiburi!" mzee alinung'unika. Heri Jeni, mke wa Edwin. Huyo kalelewa. Kwa adabu ya Kinyakyusa, hajawahi kumtazama baba mkwe usoni wala kumsemesha. Akisikia tu anakohoa, hujitanda khanga akapitia nyuma ya nyumba.

Krrr... du.

"Zezeta!"

Krrr... kling.

"Bahati hiyo!"

Lakini du zikaanza kupungua. Ijumaa alfajiri ilikuwa kling tupu, mpaka mzee akakosa tusi.

Jumamosi jioni bajaji ilisimama mlangoni, vigelegele vikapasuka. Edwin akaingia sebuleni meno yote nje.

"Tumeipata kazi, baba!"

"Tumeipata wewe na nani? Bila ulimi wangu ungekuwa umeshika jembe. Wiki nzima nafundisha jiwe!"

Edwin akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mjukuu, Neli, akatokea jikoni, kakumbatia kikombe cha ushindi kinachong'aa kuliko taa.

"Mrudishie baba yako, utakiangusha," mzee akamkemea.

Neli akakikumbatia zaidi.

"Si cha baba, babu, ni cha mama."